Silas Weir Mitchell

Silas Weir Mitchell (Philadelphia, Pennsylvania, 15 Februari 1829 – Philadelphia, 4 Januari 1914) alikuwa daktari, mtafiti na mwandishi wa riwaya kutoka nchini Marekani. Anahesabiwa kati ya waasisi wa tiba ya mishipa ya fahamu (neva) katika nchi hiyo.

Anakumbukwa hasa kwa kueleza magonjwa mawili ambayo mgonjwa husikia mikono au miguu yake inawaka moto. La kwanza ni kausaljia, inayofuata jeraha la neva. La pili ni erithromelaljia, ambayo katika vitabu vingi vya tiba huitwa pia ugonjwa wa Mitchell. Yeye ndiye pia aliyeeneza jina la kiungo mzuka kwa hali ya mtu aliyekatwa mkono au mguu kuendelea kuusikia kana kwamba bado upo.

Kwa upande mwingine, tiba yake ya pumziko kwa wanawake wenye matatizo ya neva ilisifiwa sana wakati wake, na baadaye ikalaumiwa vikali.

Familia na masomo

Mitchell alizaliwa katika familia ya madaktari. Baba yake, John Kearsley Mitchell, alikuwa daktari na profesa katika Chuo cha Tiba cha Jefferson mjini Philadelphia, tena alikuwa mtunzi wa mashairi. Mama yake aliitwa Sarah Matilda Henry.

Kijana huyo alisoma kwanza katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lakini ugonjwa ulimlazimisha kuondoka kabla ya kumaliza. Baadaye aliingia Chuo cha Jefferson na kupata shahada ya udaktari mwaka 1850.

Baada ya hapo alikwenda Paris, Ufaransa, kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Huko alihudhuria masomo ya Claude Bernard, mwanafiziolojia maarufu aliyefundisha kwamba daktari asiridhike kukisia ikiwa anaweza kupima na kujaribu. Fundisho hilo lilimwongoza Mitchell katika kazi zake bora. Palipokosekana, kazi yake ilipungukiwa.

Aliporudi nyumbani alimkuta baba yake ana afya dhaifu, akalazimika kushika kazi ya kutibu ili kuitunza familia. Baba alifariki mwaka 1858. Mwaka huohuo Mitchell alimwoa Mary Middleton Elwyn, wakapata watoto wawili wa kiume, John na Langdon. Mke huyo alifariki mwaka 1862 kwa dondakoo, akamwacha mumewe na watoto wadogo.

Utafiti juu ya sumu ya nyoka

Mchana Mitchell alitibu wagonjwa, na saa zilizobaki alifanya majaribio. Mwaka 1860 Taasisi ya Smithsonian ilichapisha utafiti wake juu ya sumu ya nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani. Mwaka 1886, akishirikiana na Edward T. Reichert, alionyesha kwamba viini vya sumu ya nyoka ni protini za aina mbalimbali, wala si kitu kimoja tu. Kazi hiyo ilisaidia kuweka msingi kwa watafiti waliokuja baadaye.

Pamoja na sifa hizo, alikosa mara mbili nafasi ya uprofesa wa fiziolojia aliyoitamani: mwaka 1863 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na mwaka 1868 katika Chuo cha Jefferson. Kwa sababu hiyo maisha yake ya kitaaluma yalielekea zaidi hospitalini kuliko maabara.

Hospitali ya Turner's Lane

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani (1861–1865) vilileta majeruhi wengi kuliko madaktari walivyowahi kuona. Risasi za wakati ule zilikuwa nzito, za plumbi laini. Zilipompata mtu zilivunja mifupa na kuchana nyama, na mara nyingi zilijeruhi neva za mkono au mguu bila kuzikata kabisa.

Majeruhi wa namna hiyo hawakupendwa katika hospitali za kawaida. Vidonda vyao vilipona, lakini wao waliendelea kulia kwa maumivu, kupooza au kutetemeka, na hakuna aliyejua la kuwafanyia. William A. Hammond, mganga mkuu wa jeshi la Muungano na rafiki wa Mitchell, aliunga mkono wazo la kuwakusanya mahali pamoja. Hatimaye ilianzishwa hospitali ya Turner's Lane mjini Philadelphia, yenye vitanda 400, kwa ajili ya magonjwa na majeraha ya neva. Baada ya mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863 wagonjwa walizidi kuwa wengi.

Mitchell alifanya kazi huko pamoja na madaktari wenzake George Read Morehouse na William Williams Keen. Walimchunguza kila mgonjwa kwa utaratibu: jeraha liko wapi, ngozi ina rangi gani, ni sehemu ipi inasikia mguso na ipi haisikii, misuli ipi inatii na ipi haitii. Waliandika yote, mara nyingi mpaka usiku wa manane.

Mwaka 1864 watatu hao walichapisha kitabu juu ya majeraha ya risasi na majeraha mengine ya neva. Kilikuwa kitabu kidogo, lakini kilihesabiwa kuwa msingi wa elimu hiyo. Mwaka 1872 Mitchell peke yake alitoa kitabu kikubwa zaidi juu ya majeraha ya neva na matokeo yake, ambacho madaktari wa Ufaransa nao walikisoma kwa tafsiri.

Kausaljia: maumivu ya kuwaka

Kati ya wagonjwa wa Turner's Lane walikuwapo askari wenye malalamiko ya namna moja. Risasi ilikuwa imewapata begani, katika mkono wa juu au katika paja, lakini moto waliusikia mbali na jeraha, hasa kwenye kiganja cha mkono au kwenye mguu chini ya kifundo. Mara nyingi kidonda chenyewe kilikuwa kimeanza kupona maumivu yalipokuja.

Ngozi ya mahali hapo iligeuka nyekundu, nyembamba na yenye kung'aa kana kwamba imepakwa vanishi. Kuguswa kidogo tu kulikuwa mateso. Wengine walishindwa kuvumilia hata mshindo wa hatua za mtu anayepita chumbani au mlio wa karatasi inayokunjwa. Maji ndiyo yaliyowapa nafuu, kwa hiyo walitembea na chupa ya maji na kitambaa, wakiulowesha mkono kila mara. Wengine walimimina maji ndani ya viatu vyao ili ngozi isikwaruzwe wakitembea. Mtu aliyekuwa shujaa vitani aliweza kugeuka kuwa mkali, mwoga na asiyelala usiku.

Jambo la muhimu ni kwamba madaktari hao hawakuwahesabu watu hao kuwa waongo. Katika jeshi lolote wapo wanaojifanya wagonjwa ili wasirudi vitani, na Mitchell na wenzake walilijua hilo; mwaka 1864 waliandika pia makala juu ya njia za kuwatambua, ikiwemo kumpa mtu dawa ya usingizi ya etha na kutazama kama kiungo kilichodaiwa kupooza kitajongea. Lakini hawa wa maumivu ya kuwaka walikuwa wanasema jambo lilelile ingawa hawakujuana, na dalili zao zililingana na njia ya neva iliyojeruhiwa. Hivyo malalamiko ya mgonjwa yakawa ushahidi wa kuchunguzwa, hata pale ambapo jicho la daktari halikuona kidonda.

Jina kausaljia lilianza kutumika katika maandishi ya Mitchell mwaka 1867. Limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, la joto na la maumivu, na lilipendekezwa na Robley Dunglison, mtunga kamusi ya tiba. Matibabu ya wakati ule yalikuwa hasa sindano za mofini karibu na mahali panapouma, pamoja na vitambaa vya maji. Mofini ilileta nafuu ya muda, lakini ilikuwa na hatari ya uraibu.

Kiungo mzuka

Turner's Lane iliwapokea pia watu waliokatwa mikono au miguu. Karibu wote walisema bado wanakisikia kiungo kilichoondolewa. Baadhi walisikia vidole vimekunjwa kwa nguvu na vinauma. Mitchell aligundua kwamba hisia hiyo ni ya kawaida kwa waliokatwa viungo, wala si dalili ya wazimu.

Kwanza alilieleza jambo hilo kwa njia ya hadithi. Mwaka 1866 gazeti la Atlantic Monthly lilichapisha, bila jina la mwandishi, kisa cha askari wa kubuni aitwaye George Dedlow, aliyepoteza mikono na miguu yote. Wasomaji wengi waliamini kwamba ni habari ya kweli, na wengine walituma michango kwa ajili ya askari huyo ambaye hakuwahi kuishi. Mwaka 1871 Mitchell aliandika makala chini ya jina lake, na humo alitumia jina la kiungo mzuka.

Erithromelaljia

Vita vilipokwisha, Mitchell aliendelea na kazi katika hospitali ya mifupa na magonjwa ya neva mjini Philadelphia. Huko alikutana na wagonjwa ambao miguu yao iliwaka moto ingawa hawakuwahi kujeruhiwa.

Mmoja alikuwa baharia wa miaka 40, aliyekuwa amepona homa iliyoitwa wakati ule homa ya Afrika. Maumivu yalianza katika mguu mmoja, kisha yakahamia na mwingine. Akipumzika alikuwa salama. Akitembea, miguu ilivimba, ikageuka rangi ya zambarau, vena zikatuna na ateri zikapiga kwa nguvu hata zikaonekana kwa macho. Moto huo uliishia kwenye kifundo cha mguu. Juu yake hapakuwa na uvimbe wala wekundu.

Mitchell alianza kueleza hali hiyo mwaka 1872, na mwaka 1878 aliichapisha kwa ukamilifu katika makala iliyoipa jina la erithromelaljia. Jina hilo limeunganishwa kutoka maneno matatu ya Kigiriki: nyekundu, kiungo na maumivu. Katika makala hiyo alionyesha namna ya kuutenganisha ugonjwa huo na mengine yanayofanana nao. Alama kuu ni hizi:

- Maumivu huja kwa vipindi, pamoja na wekundu na joto la ngozi.
- Joto, kutembea, kusimama na kuning'iniza miguu huyazidisha.
- Baridi na kuinua miguu huyapunguza.

Alama hizo zinautofautisha na ugonjwa ulioelezwa na Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862, ambao huchochewa na baridi na hufanya vidole vipauke.

Chanzo cha erithromelaljia kilifichika kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2004 watafiti nchini China walionyesha kwamba aina inayorithiwa hutokana na badiliko katika jeni iitwayo SCN9A. Jeni hiyo huongoza utengenezaji wa milango midogo ya sodiamu katika neva zinazopeleka habari za maumivu. Badiliko likitokea, milango hiyo hufunguka kwa urahisi mno, na neva hutuma habari za maumivu hata joto likiwa kidogo tu. Wagonjwa wengine hupata hali hiyo kwa sababu ya maradhi ya damu ambayo huzidisha chembe zake; kwa baadhi ya hao aspirini husaidia sana. Madaktari wa leo huonya dhidi ya kuzamisha miguu katika maji ya barafu, kwa sababu nafuu yake ni fupi na ngozi inaweza kuharibika na kupata vidonda.

Tiba ya pumziko na lawama zake

Mwaka 1875 Mitchell alianza kueleza njia ya kutibu uchovu wa neva, na mwaka 1877 aliitolea kitabu. Mgonjwa, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke wa tabaka la wenye uwezo, alilazwa kitandani kwa majuma sita hadi manane, mbali na jamaa zake. Alilishwa sana, hasa maziwa, akakandwa mwili na kupitishiwa umeme ili misuli isidhoofike. Hakuruhusiwa kusoma wala kuandika, na mwanzoni hata kula alilishwa na muuguzi.

Baadhi ya wagonjwa waliokuwa wamekonda waliongezeka uzito na kupata nguvu, na tiba ilienea hadi Uingereza. Lakini ilikuwa na kasoro kubwa: daktari aliamuru, na mgonjwa alitakiwa kutii tu. Wanaume wenye malalamiko yanayokaribiana mara nyingine walipewa ushauri wa kinyume. Owen Wister, kwa mfano, mwaka 1885 alitumwa kwenda Wyoming, akaishi huko nje kwenye hewa safi, akapanda farasi na kuwinda. Safari hizo zilimpa mambo ya kuandika katika riwaya yake mashuhuri ya mwaka 1902 juu ya wachunga ng'ombe.

Mwaka 1887 Mitchell alimtibu Charlotte Perkins Gilman, mama kijana aliyekuwa na huzuni nzito baada ya kujifungua. Kwa maelezo ya Gilman mwenyewe, alirudishwa nyumbani na agizo la kukaa na mtoto, kupunguza kusoma na kutoshika kalamu tena maishani. Alijaribu kutii kwa miezi kadhaa na akakaribia kupoteza akili. Aliacha kulifuata agizo hilo, akarudi kwenye kazi ya kuandika, akapona kiasi. Mwaka 1892 alichapisha hadithi fupi juu ya mwanamke anayepewa tiba ya namna hiyo katika chumba chenye karatasi ya manjano ukutani, mpaka anarukwa na akili. Baadaye alieleza kwamba aliiandika ili kuwaokoa wengine. Leo hadithi hiyo husomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote cha Mitchell.

Wanahistoria wameona hapo mgongano katika maisha ya daktari huyo. Katika Turner's Lane sifa yake ilitokana na kuwasikiliza watu ambao maumivu yao hayakuonekana. Katika tiba ya pumziko alikuwa na jibu tayari, na maneno ya mgonjwa yalipewa uzito mdogo.

Mwandishi na mwanajamii

Mitchell alianza kutoa riwaya kwa wingi alipokuwa amepita umri wa miaka 50. Kati ya riwaya zake ni ile ya wakati wa vita ya mwaka 1884 na Hugh Wynne ya mwaka 1897, inayohusu Philadelphia wakati wa Mapinduzi ya Marekani, ambayo iliuzwa sana. Riwaya ya mwisho, Westways, ilitoka mwaka 1913. Aliandika mashairi pia. Mwanawe Langdon alifuata njia hiyo akawa mwandishi wa tamthilia, na John akawa daktari.

Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi mwaka 1865, na mara mbili alikuwa rais wa Chuo cha Madaktari cha Philadelphia. Mwaka 1894 aliwahutubia wakuu wa hospitali za magonjwa ya akili na kuwashutumu waziwazi kwamba wamejitenga na tiba nyingine na hawafanyi utafiti wa kutosha. Mwaka 1896 alikula mwenyewe mmea wa peyote, aina ya dungusi kakati, na kuandika juu ya rangi na maumbo ya ajabu aliyoyaona. Alimsaidia pia mtafiti kijana kutoka Japani, Hideyo Noguchi, aliyefika Philadelphia mwaka 1900 na kuendeleza utafiti wa sumu ya nyoka.

Katika ndoa yake ya pili na Mary Cadwalader alipata binti, Maria. Binti huyo alifariki mwaka 1898 akiwa kijana, kwa ugonjwa uleule wa dondakoo uliomchukua mke wa kwanza.

Mitchell alifariki nyumbani kwake tarehe 4 Januari 1914 kutokana na mafua makali, akiwa na umri wa miaka 84. Mke wake alifariki siku chache baadaye. Walizikwa katika makaburi ya Woodlands mjini Philadelphia.

Umuhimu wake leo

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, mwaka ule wa kifo chake, madaktari walikutana tena na askari wenye mikono inayowaka. Mfaransa René Leriche alijaribu mwaka 1916 kuwasaidia kwa upasuaji wa neva zinazozunguka mishipa ya damu. Mwaka 1994 wataalamu wa kimataifa wa maumivu waliiweka kausaljia ndani ya kundi la maumivu changamani ya kiungo, aina ya pili, yaani ile yenye jeraha la neva linalojulikana.

Siku hizi watu wengi wanaosikia viganja na nyayo zinawaka hawana magonjwa hayo mawili. Sababu inayoonekana mara nyingi zaidi ni kudhurika kwa neva ndogo za pembeni kutokana na:

- kisukari, hasa kisipodhibitiwa;
- upungufu wa vitamini za kundi B, kama B1, B6 na B12;
- unywaji wa pombe kupita kiasi;
- ugonjwa wa figo au wa tezi ya shingo;
- virusi vya UKIMWI na ukoma;
- baadhi ya dawa.

Kwa Afrika Mashariki dawa mbili zinafaa kutajwa. Stavudini, iliyotumika sana katika miaka ya kwanza ya tiba ya UKIMWI, iliwaletea wengi maumivu ya nyayo, na hiyo ni moja ya sababu ya kuachwa kwake. Isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kupunguza vitamini B6 mwilini, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa vitamini hiyo pamoja nayo.

Kwa kuwa sababu ni nyingi na tiba zake hazifanani, utaratibu wa Turner's Lane bado unafaa: kumwuliza mgonjwa moto ulianza lini, uko wapi, nini huuzidisha na nini huupoza, kupima hisia za ngozi, kisha kupima damu na sukari. Katika magonjwa hayo ngozi inaweza kuonekana nzima kabisa huku neva chini yake zikiwa zimedhurika, na bila maelezo ya mgonjwa daktari hana pa kuanzia.